Hezi Mia na Ishirini

Saa kumi kamili ya alasiri Mwalimu aliingia ndani ya kisanduku chake, kule chini kwenye kona ya kioo, akaanza kufundisha kwa mikono. Chiriku alikuwa ameshakaa. Alikuwa amesogeza kigoda karibu na televisheni mpaka pumzi zake zikawa zinatia ukungu kwenye kioo. Aliufuta ukungu kwa mkono wa sare, akaandika daftarini, akafuta tena, akaandika tena, na kila mara aliandika kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake. Majirani waliona ni kejeli kumpa mtoto kiziwi jina la ndege asiyenyamaza, lakini waliomzoea walikubali kwamba katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na maneno mengi kuliko yeye. Yote yalikuwa mikononi. Aligombana kwa mikono, akasengenya kwa mikono, akachekesha darasa zima la viziwi kwa kumwigiza mkuu wa shule akitafuta miwani iliyo usoni pake.

Darasa hilo sasa lilikuwa limefungwa. Mwalimu aliyelifundisha peke yake kwa miaka sita alichukuliwa na kituo cha televisheni awe mkalimani wa vipindi vya masomo, ili viziwi wote nchini wapate alichokuwa akiwapa watoto tisa. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba jambo hilo si jema. Ila mwalimu mwingine hakuletwa, watoto tisa wakarudishwa makwao, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza wiki kumi. Chiriku asipofaulu, shule ya sekondari ya viziwi, ambayo ilikuwa moja tu, isingempokea. Nyingine zote zilifundisha kwa mdomo.

Kipindi kilipokwisha mama yake alichukua daftari. Alikuwa dobi, na viganja vyake bado vilikuwa na joto la pasi. Kati ya maswali kumi na mawili, binti yake alikuwa amejibu matatu.

"Muulize," alisema baba kutoka mlangoni, akivua buti. "Haelewi somo au haoni?"

Mama aliuliza kwa ishara zile za nyumbani walizozizua wenyewe tangu Chiriku akiwa mchanga: kula, lala, njoo, inauma, acha. Kuuliza swali la namna hiyo kwa maneno ya kula na kulala si kazi ndogo, lakini Chiriku alielewa. Alielekeza kidole kwenye kona ya kioo, akaitikisa mikono yake miwili upesi upesi, kisha akapuliza hewa kama mtu anayefukuza moshi jikoni.

"Anasema mikono ya Mwalimu ni moshi."

Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alisogea mbele ya televisheni akainama. Miaka ishirini ya kuchomelea vyuma, mingi yake bila miwani ya maana, ilikuwa imemwachia macho ya kutambua mlango na mtu, basi.

"Mimi naona mwanamke amevaa bluu," alisema. "Hata angekuwa na mikono minne nisingejua."

*

Kwa kuwa hakuyaamini macho yake, Fundi aliamini namba. Mlango wa chuma ukipimwa sawasawa haukatai fremu yake. Ukikataa, mkosaji ni aliyepima. Basi hata tatizo la binti yake alilitafuta kwa namba. Siku tatu alipita katika maduka ya vifaa vya umeme akiwa na kipande cha boksi na penseli, akaandika yote yaliyobandikwa chini ya kila televisheni. Inchi. Wati. Aina ya kioo. Na neno moja ambalo lilimshika kuliko yote.

"Hezi," alimwambia mkewe, akikigonga kile kipande cha boksi kwa ukucha. "Ni picha inabadilishwa mara ngapi kwa sekunde moja. Hii yetu ya mtumba haifiki hata sitini za kweli. Kitu kikienda mbio, picha mpya inafika na ya zamani bado haijatoka. Ndio huo moshi wa mtoto."

"Nani kakuambia?"

"Nimesoma kwenye karatasi ya duka."

"Karatasi ya anayeuza."

"Sasa ulitaka nisome ya anayeuza nyanya?"

Mama Chiriku alicheka bila kutaka. Alikunja shati la mteja, akalipanga juu ya mengine. "Ungemuuliza na Fundi Redio. Kazi yake ni hiyo."

"Yule? Si ndiye aliyeniuzia hili sanduku la moshi! Nikamuulize mwizi kufuli ipi ni nzuri?"

Mkewe aliuliza hiyo anayoitaka ina ngapi.

"Mia na ishirini. Mara mbili ya sitini." Alilitamka kama mtu anayetaja kitu cha kutia kinywani.

Kulikuwa na fedha moja tu ndani ya nyumba, na wote wawili walijua ilipo na ilikuwa ya nini. Mashine ya kuchomelea ilikuwa imeanza kuzimika katikati ya kazi. Mafundi wenzake walishaanza kumtania kwamba mageti yake yanashikana kwa maombi.

"Na mashine je?" aliuliza mama, taratibu.

"Mashine itakohoa mwaka mmoja zaidi. Mimi nimezoea kukohoa kwake. Mtihani hauna mwaka mmoja zaidi."

*

Duka lilikuwa na baridi ya kutengenezwa. Ukuta mzima ulikuwa televisheni, na zote zilionyesha ua lilelile likifunguka petali zilezile kwa wakati mmoja. Wote watatu walikuwa wameoga na kuvaa nguo za kutokea, na Fundi alikuwa amesugua mikono kwa mafuta ya taa mpaka harufu yake ilifika kwenye kaunta kabla yake.

"Karibuni, wazee wangu," alisema muuzaji, kijana mwenye tai fupi. "Tunatafuta ya sebuleni au ya chumbani?"

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na pazia. "Ya ukutani," alisema Fundi, akafunua boksi lake. "Hii ni inchi arobaini na tatu, hezi sitini. Na hii ni arobaini na tatu vilevile, hezi mia na ishirini. Mbona bei imepanda hivi?"

"Hapo unalipia ulaini, mzee. Mpira ukipigwa unauona mpaka mshono wake. Wewe ni mtu wa mpira?"

"Sina macho ya mpira."

"Basi filamu za ngumi."

"Tunataka kuona mikono."

Muuzaji alimtazama, akamtazama mama. "Mikono ya nani?"

Mama alimweleza. Kijana aliyafuata maneno yake mpaka yakamfikisha kwa Chiriku, ambaye wakati huo alikuwa akipita mbele ya televisheni moja baada ya nyingine kama mkaguzi.

"Aaa. Kumbe ni bubu."

"Ni kiziwi," alisema mama. "Bubu ni mtu asiye na la kusema. Huyu akianza hamalizi."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua jokofu alicheka. Muuzaji naye, ambaye hakuwa kijana mbaya, aliona haya, na katika kutaka kurekebisha aliinama mpaka usoni kwa Chiriku akapaza sauti: "KARIBU SANA, BINTI!" Chiriku alifuta mate shavuni, kisha akamgeukia mama yake na kutupa mikono mara tatu.

"Anasemaje?" aliuliza muuzaji.

"Anashukuru," alisema mama.

Fundi alitoa futi kamba mfukoni. Alipima kutoka kwenye televisheni ya kwanza mita mbili na nusu, umbali wa kitanda mpaka ukutani kule nyumbani, akaweka kofia yake sakafuni kuwa alama na kumsimamisha binti yake hapo.

"Mzee, hii ni TV," mteja wa jokofu alisema. "Si dirisha la kupimia nondo."

Fundi hakugeuka. "Tuwekee mtu anayetumia vidole," alimwambia muuzaji.

Kijana alitafuta tafuta kwa rimoti akapata mwanamke anayepiga kinanda. Kwenye ile ya hezi sitini Chiriku alikodoa, akajaribu kufuata, vidole vikamwingiliana. Akatikisa mkono: hapana. Wakaisogeza kofia mpaka mbele ya ile ya mia na ishirini. Alitazama kidogo. Kisha mikono yake ikapanda yenyewe, na hapo katikati ya duka mtoto ambaye hajawahi kusikia sauti ya kinanda akaanza kukipiga hewani, kidole kwa kidole, bila kukosea kimoja, huku akicheka kwa ile sauti yake nene asiyoijua. Hata mteja wa jokofu alisogea kutazama.

Mama ndiye aliyefikiria kuuliza. "Kituo cha masomo mnakipata hapa? Tumjaribu na Mwalimu mwenyewe."

"Antena bado hatujafunga, mama. Hizi zote zinaonyesha kutoka kwenye flashi. Lakini TV ni TV. Inayoweza hiki itashindwaje kile?"

Hakuwa anawadanganya. Naye aliamini hivyo. Mama alimtazama tena binti yake, ambaye vidole vyake bado vilikuwa vinacheza hewani, na mwenye kusema "Tunaichukua" akawa yeye, si mumewe.

*

Siku ya kwanza moshi haukuwapo. Mikono ya Mwalimu iliteleza kwenye kona ya kioo kama iliyopakwa mafuta. Chiriku aliandika bila kuinua kichwa isipokuwa kutazama, na kipindi kilipokwisha maswali yote kumi na mawili yalikuwa na majibu.

"Umeona?" alisema Fundi. "Namba."

Usiku ule alilala bila kugeukageuka. Siku ya pili vilevile, kumi na mawili. Siku ya tatu Chiriku alifungua kurasa za mwisho za kitabu, penye majibu, akaanza kujisahihisha mwenyewe kama Mwalimu alivyowafundisha. Mama alikuwa akipiga pasi. Aliona binti yake akiweka mkasi wa kosa, na mkasi, na mkasi mwingine chini yake. Pale palipotakiwa tatu alikuwa ameandika nane. Palipotakiwa mapafu alikuwa ameandika neno ambalo halipo.

Chiriku hakulia. Alikaa akiitazama televisheni iliyozimwa, halafu akachukua penseli na kuchora mkono. Alipomaliza alimpa mama yake ile karatasi. Mkono ule ulikuwa na vidole saba.

Fundi alishika karatasi karibu na pua yake kwa muda mrefu. "Nenda kamwite," alisema mwishowe, wala hakuhitaji kumtaja.

Fundi Redio alikuja na miwani yake iliyofungwa kwa waya. Kama alikuwa amekuja na kejeli mdomoni, alipoona karatasi ya vidole saba aliimeza. Aliomba rimoti, akasubiri marudio ya kipindi, akatazama.

"TV ni nzuri," alisema. "Ni nzuri sana, na ndilo tatizo. Kituo kinatuma picha ishirini na tano kwa sekunde. Ishirini na tano tu, kwa kila mtu. Zile za flashi za dukani hurekodiwa kwa picha nyingi zaidi. Hii yako inataka mia na ishirini. Zilizobaki inazitoa wapi?"

Fundi aliisogelea televisheni, akainama.

"Inazibuni. Inatazama mkono ulikuwa wapi, inatazama umefika wapi, inakisia umepitia wapi, halafu inachora. Ukikisia mpira, nani atadhurika? Lakini huyu mama anasema kwa vidole. Ikikisia kidole, imebadilisha neno."

"Basi izime hiyo akili yake ya kubuni."

Fundi Redio alibonyeza mara nne. Vidole vya ziada vikatoweka, na pale pale moshi ukarudi, uleule, mkubwa zaidi kwa kuwa kioo kilikuwa kikubwa. Chiriku alielekeza kidole, akapuliza.

"Na huu?" aliuliza mama.

"Huu unatoka hukohuko kituoni. Picha inabanwa ili ipite hewani, na kile kisanduku kidogo ndicho kinachobanwa kuliko vyote. Unaweza kufunga bomba pana kuliko la mtaa mzima, Mama Chiriku. Kisima kikitoa tone, utapata tone."

"Kwa hiyo lile sanduku uliloniuzia..." alianza Fundi.

"Lilikuwa halina kosa." Alilisema chini chini, kama mtu anayetoa pole. "Ungeniuliza, ndugu yangu."

"Ningekuuliza."

Mama hakuwa amekata tamaa bado. "Hakuna nyingine? Ya hezi zaidi ya hizi, tukabadilisha?"

"Shemeji," alisema Fundi Redio, akiirudisha rimoti mezani kwa mikono miwili, "unachokitafuta hakiuzwi dukani."

*

Hata hivyo walikwenda dukani. Fundi aliibeba televisheni begani, mkewe akiishika kwa nyuma. Yule kijana wa tai alimwita meneja, meneja akaiwasha, akaweka lile ua, ua likafunguka.

"Mbovu iko wapi?" aliuliza.

"Si mbovu," alisema Fundi. "Haisemi kile anachosema Mwalimu."

Wafanyakazi wawili walitazamana. Meneja alieleza kwa upole kwamba dhamana ni ya ubovu, hii ni nzima, na boksi lake limeshakatwa. Boksi lilikuwa limekatwa na Fundi mwenyewe, ili apate pa kuandika vipimo vya kuitundika ukutani. Waliibeba wakarudi nayo, na njia nzima watu waliwapongeza kwa televisheni mpya.

Jioni hiyo Fundi alipata namba ya Mwalimu kwa mzazi mwenzake. Alizungumza akiwa uani, mkewe amesimama karibu naye kusikiliza, na Chiriku kwenye kizingiti akiwatazama midomo.

"Najua," alisema Mwalimu, kabla Fundi hajamaliza kueleza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Wewe ni mzazi wa sita wiki hii. Nimewaomba wakikuze kisanduku, wakasema kitaziba ubao. Nikaomba nisimame peke yangu nusu saa baada ya kipindi, wakasema nusu saa hiyo ina tangazo. Nimeandika barua mbili."

"Huwezi kuja hata siku moja?"

"Narekodi asubuhi mpaka jioni, baba, siku zote saba, hadi mtihani. Niliacha watoto tisa nikidhani nawafuata maelfu." Akashusha sauti. "Nikwambie kweli? Juzi nilitazama marudio. Mimi mwenyewe, mikono yangu mwenyewe. Sikuweza kujisoma."

Fundi alishukuru, akamtakia kazi njema, kwa kuwa hakujua neno lingine la kufungia mazungumzo ya namna ile. Chiriku alikuwa amesimama akingoja kuambiwa. Baba yake alifungua mikono, akaitazama. Kula. Lala. Njoo. Inauma. Aliishia kumshika bega.

*

Kesho yake Fundi alifunga karakana mapema. Saa kumi kasorobo alikuwa ameshakaa chini ya televisheni, kando kidogo, akimtazama binti yake. Usiku alikuwa amejifunza kitu: nyuma ya daftari la kwanza la Chiriku, la darasa la kwanza, kulikuwa na ukurasa wa herufi za vidole, na yeye na mkewe walikuwa wamekaa nao mpaka taa ikaanza kufifia. Yeye haoni, lakini anasikia. Televisheni ina sauti. Atasikia, atampa.

Mama aliongeza sauti akarudi kwenye pasi yake, ambayo hakuigusa.

"Leo tutaangalia," alisema mwalimu wa studio, yule wa kusikika, "jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Kitendo hiki kinaitwa usanisinuru."

Fundi hakuwahi kulisikia neno hilo. "Usani nini?"

"Sinuru," alisema mkewe. "Usanisinuru. Mwambie upesi!"

Akainua mkono. U, vidole viwili juu, hiyo ilikuwa rahisi. Kisha S. Alikunja ngumi. Gumba lake la kulia lilikuwa limeungua zamani, lilikuwa gumu kama mpini, likabaki kando ya ngumi badala ya kupita mbele yake. Chiriku aliutazama mkono ule, akakunja uso. Kwake ile ilikuwa A.

"...kwa kutumia mwanga wa jua, maji, na hewa inayoingia kupitia vitundu vidogo vya majani..."

"Maji," mama alinong'ona. "Jua. Mwambie maji!"

"Subiri, bado sijamaliza jina!"

"Anaendelea, baba Chiriku, hasubiri."

Fundi alijaribu S tena. Gumba likakataa tena. Juu ya kichwa chake Mwalimu alikuwa akisema yote, jua na maji na hewa na majani, kwa lugha iliyo kamili, na hakuna hata moja lililofika. "Sasa swali la kwanza," ilisema sauti.

Chiriku aliweka penseli chini. Alisogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili. Alilichukua lile gumba, akalivuta polepole mpaka likapita mbele ya vidole vingine, akalibana hapo. Akalitazama. Akaitikia kwa kichwa: hiyo sasa ni sahihi.

Kisha akainua macho akamtazama baba yake usoni, akingoja neno liendelee. Fundi alikuwa ameshalisahau.